Picha za Watu Walio Hai

Shauri Moyo, Nairobi
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mpendwa Senje Khavere, shangazi yangu,

Pokea salamu zangu, za nyumba uliyoniachia, na za majirani wote wanaouliza kama umewahama kabisa. Nakuandikia kwa sababu simu hatuwezani nayo. Nikikuambia siri unairudia kwa sauti ili uhakikishe umeisikia, na Chavakali nzima inaisikia pia. Basi barua hii itasafiri na basi la usiku kama kawaida, utaiulizia kwa karani pale stendi.

Leo nina hasira, Senje. Nikikaa nayo peke yangu itanichoma tumbo.

Unajua kazi yangu. Mtu akifa hapa Shauri Moyo, au Ziwani, au Kayole, watu wakimaliza kupigia mochari simu hunipigia mimi. Nasafiri na msafara hadi huko kwenu, napanga familia kando ya jeneza, wakwe huku, wajukuu kule, nabofya, tunarudi. Nimechoka kulipwa kupiga watu picha baada ya macho yao kufumbwa. Ndiyo maana tangu mwaka jana nimekuwa nikiwapiga wanawake wa mtaa wetu wangali hai. Mama Anyango na beseni lake la samaki. Muthoki katikati ya viatu vya mtumba. Wote wananitazama machoni, nyeusi na nyeupe, uso mmoja kila picha. Sasa ziko kumi na mbili na nataka kuzionyesha na kuziuza.

Leo nilizipeleka kwenye jumba moja la sanaa upande ule mwingine wa mji, kule ambako miti ni mingi kuliko watu. Anayelisimamia anaitwa Celine. Si mtu mbaya, alinipa chai. Alizipanga picha sakafuni, akazizunguka, akasema, "Ni nzuri, Muhonja. Lakini hawa wamejipanga sana. Wageni wetu wanataka kuiona Eastlands yenyewe."

Nikamuuliza Eastlands yenyewe, huku kwetu mashariki mwa mji, ni ipi. Akasema mitaro. Watoto. Moto wa soko la Gikomba, kama picha zake ninazo.

Nikamwambia Mama Anyango huoga, akajipaka mafuta na kufunga leso safi kabla ya kwenda kuuza samaki. Je, nimrudishe nimpake tope ndipo aonekane anatoka Eastlands? Celine akasema nisichukulie vibaya. Nilichukulia vibaya. Nilikusanya picha zangu nikaiacha chai nusu.

Kwa hiyo sitaki tena ukuta wa wenyewe. Nitaomba ukumbi wa kanisa letu kwa Jumapili moja tu, baada ya ibada. Mzee Nahashon ndiye katibu wa kamati ya ukumbi, na mliimba naye kwaya miaka mingi, hawezi kuninyima. Picha yako ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote. Ni ile niliyokupiga mlangoni siku unafunga virago, umemkazia macho mwenye mkokoteni aliyetaka kukuongezea bei. Hujatabasamu hata kidogo na ndiyo maana naipenda.

Nisipopata pahali pa kuzitundika mwaka huu, Senje, nitarudi kwenye majeneza nikae huko huko, na sitajidanganya tena kwamba mimi ni mpiga picha wa kitu kingine.

Ni mimi mwanao,
Muhonja

* * *

Chavakali
12 Februari 2025

Mwanangu Muhonja,

Barua yako imefika ikinuka samaki wadogo wa omena, sijui karani aliilaza wapi. Nimeisoma hivyo hivyo. Mimi ni mzima. Tunatayarisha shamba, maana mvua ya Machi haimngoji mvivu.

Huyo Celine umemjibu vyema. Ila chai ungeimaliza. Hasira si sababu ya kuacha chai ya watu, hasa yenye maziwa.

Kuhusu ukumbi, muone Nahashon. Ni mtu wa haki. Akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana usigombane na nyumba ya Mungu. Mlango mmoja ukifungwa, kuna mwingine.

Nauliza tu: yangu ni lazima iwe kubwa hivyo? Uso wangu umeshafanya kazi ya kutosha. Ningekuwa wewe ningeiweka ile tuliyopigwa sote Krismasi, na mashuka yameanikwa nyuma yetu. Ile ina watu wengi, inapendeza.

Usisahau kula. Najua ukiwa na kazi unakunywa soda ukasema ni chakula.

Senje yako,
Khavere

* * *

Chavakali
12 Februari 2025

Kwako Ndugu Nahashon Luseno,

Bwana asifiwe. Ni siku nyingi. Natumaini kwaya bado inapandisha sauti pale pa kupandisha.

Muhonja atakuja kukuomba ukumbi aonyeshe picha zake. Nakuomba umnyime. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekuomba. Tafuta sababu, ninyi watu wa kamati hamkosi sababu.

Nitakueleza kwa nini, nawe uyaweke kifuani. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa huku ameniandikia nije Nairobi nikapasuliwe. Sijaja. Sijamwambia mtoto kwa sababu namjua, atauza kamera yake asubuhi hiyo hiyo, na bila kamera Muhonja hana mkono wa kulia.

Sasa anataka kuutundika uso wangu ukutani. Wewe unajua kwetu, Nahashon. Picha ya harusi si kitu, picha ya watoto si kitu. Lakini uso wa mtu mmoja, mkubwa, ndani ya fremu, kazi yake tunaijua: unabebwa na mjukuu mbele ya jeneza. Dada yangu Annah alipigwa picha nzuri wakati wa Pasaka, tukaisifu wote, tukaitia fremu. Krismasi haikufika kabla picha hiyo haijamtangulia kwenda kaburini. Mimi naomba kila siku, na nina imani. Lakini picha ile ikitundikwa na watu wakaja kusimama mbele yake, nitajua nimeshaagwa.

Naogopa, ndugu yangu. Sina neno lingine la kulipamba.

Dada yako katika Bwana,
Khavere Andati

* * *

Kamati ya Ukumbi
Shauri Moyo
20 Februari 2025

Kwa Bi. Muhonja Andati,

YAH: OMBI LA KUTUMIA UKUMBI WA KANISA

Tunakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako tuliipokea na kuijadili kwa kina.

Kamati imeonelea kwamba ombi lako lisikubaliwe kwa wakati huu. Mosi, ukumbi utakuwa na shughuli nyingine. Pili, baadhi ya wazee wana wasiwasi kwamba picha za aina hiyo, zikipangwa pamoja ndani ya fremu, zitawatia washiriki simanzi, ikizingatiwa kwamba wahusika wote bado wako hai na wengine ni wanachama wa kikundi cha akina mama.

Tunatambua kipaji chako na huduma yako wakati wa misiba. Tunakuombea Mungu akufungulie mlango mwingine.

Wako katika utumishi,
Nahashon Luseno
Katibu

* * *

Shauri Moyo
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mpendwa Senje,

Ulisema Nahashon ni mtu wa haki. Haki yake nimeipokea kwa barua yenye mhuri.

Eti ukumbi una shughuli nyingine. Nikuulize wewe, shughuli gani? Hata mimi sijui, maana Jumapili hiyo niliyoomba ukumbi umefungwa, mwenye ufunguo ameniambia mwenyewe. Halafu eti picha zangu zitawatia watu simanzi "ikizingatiwa kwamba wahusika wote bado wako hai." Nimeisoma hiyo sentensi nikiwa jikoni, nimeisoma nikiwa kitandani, na bado sijaielewa. Tangu lini watu wakawa na simanzi kwa sababu jirani yao anapumua?

Huku kwa Celine picha zimekataliwa kwa sababu watu wangu hawaonekani maskini vya kutosha. Huku kanisani zimekataliwa kwa sababu hawajafa. Nimecheka, Senje, halafu nikalia kidogo, halafu nikafua nguo zote zilizokuwa ndani ya nyumba.

Sasa sikia. Picha nimezichapisha na fremu nimezichukua jana kwa fundi Jackton wa Ziwani. Huyo mzee wateja wake karibu wote ni wafiwa. Nilimpa vipimo tu, sikumweleza kitu. Nimefika nikakuta kila fremu ameitia mguu wa nyuma, ule wa kuisimamisha kando ya jeneza, na kwenye kona amefunga utepe mweusi, bure, kwa huruma yake. Alinishika mkono akaniambia, "Pole sana, binti yangu. Kwani ilikuwa ajali ya basi? Wote hawa siku moja?"

Nilipomwambia wako hai alivua miwani. Alinisaidia kufungua tepe moja moja, lakini miguu ameikataa kuing'oa, anasema fremu bila mguu ni kazi nusu.

Basi nimeamua. Sitamwomba mtu ukuta tena. Uwanja wetu uko wazi, ule wa katikati ya nyumba, penye bomba la maji. Mtu akifa hema linapigwa pale na hakuna anayeuliza kibali cha kamati. Jumapili ya tarehe kumi na sita Machi nitapiga hema pale pale. Nimeshazungumza na mwenye mahema na viti. Miguu ya Jackton itanifaa, picha zitasimama zenyewe kwa safu. Mwenye kutaka kuona ataona, na mwenye kutaka kununua nitamfungia kwa gazeti apeleke kwake.

Wanawake wote nimewaambia. Muthoki ameuliza kama ataruhusiwa kuleta viatu auze hapo hapo, nimemwambia alete. Yako itakuwa katikati.

Mwanao,
Muhonja

* * *

Chavakali
5 Machi 2025

Mwanangu Muhonja,

Nimesoma. Nimekaa siku mbili kabla ya kukujibu, nikitafuta namna.

Uwanja ule unajua ni wa nini. Tumemlilia mama yako pale. Ukipiga hema penye bomba, watu hawataona maonyesho, wataona matanga. Mtu hapeleki ngoma ya harusi kaburini akasema watu watazoea.

Ungengoja. Mwaka una miezi mingi. Celine anaweza kubadili nia, Nahashon naye si jiwe. Ng'ang'ana nao pole pole. Wewe ukishaona unachokitaka unakwenda nacho kichwa kichwa, na hilo hukulipata kwa mama yako, Mungu amrehemu, umelipata kwangu.

Kama husikii, basi sikia hili moja. Acha yangu nyumbani. Hizo nyingine zinatosha. Usiniulize sababu kwa barua, kuna mambo hayaandikiki vizuri. Mimi ni mzima, nina kifua kidogo tu cha baridi.

Senje yako,
Khavere

* * *

Shauri Moyo
Jumatatu, 17 Machi 2025

Senje,

Salamu nitaziandika mwisho, kama nitakuwa bado nazo.

Jana nilipiga hema. Nilipanga viti, nikazisimamisha picha kwa safu, yako katikati. Nilivaa lile gauni langu la kijani. Nilikuwa na furaha, nataka ulijue hilo kwanza.

Watu walipotoka makanisani wakaanza kuja. Mmoja akaja na pakiti ya sukari. Wa pili akaja na unga. Wakaketi nyuma, wameinamisha vichwa. Mama mmoja wa Ziwani akaweka beseni mezani bila kuniuliza, akatia noti, na waliomfuata nao wakatia. Nilikuwa nimesimama pale na orodha yangu ya bei, nashindwa pa kuanzia. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki kando ya bomba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niaje Muhonja, kwani ni nani amededi?" Kabla sijamjibu akaiona picha ya Mama Anyango. Akavua kofia. "Wee! Mathe wa samaki? Si jana tu ameniuzia?"

Ulisema wataona matanga. Ulisema kweli, sikupingi.

Mama Anyango akaja akitokea Gikomba na beseni lake. Wa kwanza kumwona alipiga nduru. Yeye akapita katikati ya viti, akaufikia uso wake, akaona sukari, akaona unga, akaona watu wanafuta macho. Senje, sijawahi kuogopa mtu namna ile. Alinigeukia akasema, "Muhonja. Umenizika?"

Muthoki naye akaanza kupiga kelele, "Ng'oa yangu! Mimi bado nina watoto shule, ng'oa hiyo kitu!" na wengine wawili wakashika fremu zao tayari kuondoka nazo. Nilijua nimekwisha. Nikasema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo kwamba sikumzika mtu. Nikasema nimewapiga picha wafu wa mtaa huu hadi kidole kimeota sugu, na kila mara familia inaniambia laiti tungekuwa na picha yake nzuri akiwa hai. Nikasema hizi ndizo hizo, na kama tunangoja kufa ndipo tutazamane basi mniambie leo nivunje kamera hapa hapa mbele ya bomba.

Mama Anyango akatua beseni lake chini. Akavuta kiti akakiweka kando ya picha yake, akaketi. Akamtazama yule mama wa Ziwani wa noti, akamwuliza, "Wewe ulikuja kusema nini juu yangu?"

Yule mama akalifunika beseni la noti kwa leso yake.

"Nauliza. Mngesimama hapa mmoja mmoja mseme Anyango alikuwa mtu mzuri. Si ndiyo? Basi semeni. Niko hapa, sijaenda pahali."

Senje, walisema. Mwanzo kwa aibu, wengine wakicheka. Yule wa bodaboda alisema kwamba mwaka ule wa njaa Anyango alimpa samaki miezi mitatu bila kumdai, na yeye hakuwahi kumshukuru. Mama wa Ziwani alisema walikosana kwa sababu ya zamu ya maji na kosa lilikuwa lake. Anyango alikaa wima kama mkwe, akaitikia kila neno, na aliyeanza kutia chumvi alimkata: "Hapo unadanganya, rudi nyuma."

Muthoki akarudisha fremu yake. Akavuta kiti. Akasema, "Na mimi je?"

Wote waliketi, kila mtu kando ya uso wake. Halafu yakaja mambo ya kuuza. Nilipotaja bei ya kwanza Mama Anyango alinizuia. Akaniambia uso ni wake, bei ataitaja yeye, na biashara ameifanya kabla sijazaliwa. Mwanawe wa Kayole alidhani atapewa bure. Alitajiwa bei, akapunguziwa kidogo, akalipa. Zile pesa za beseni tuliwarudishia wenyewe na wengi wao walizigeuza wakanunua. Sukari na unga hazikurudi, tulipika chai.

Celine alikuja mwishoni, sijui alisikia wapi. Alitaka kununua zote zilizobaki kwa mkupuo, azipeleke kule kwenye miti. Nikamwonyesha viti. Nikamwambia hapa kila picha ina mwenyewe, aketi azungumze naye. Muthoki alimwuzia picha pamoja na jozi ya viatu, na sijui ni kipi alichopata kwa bei mbaya zaidi.

Nahashon pia alikuja, na Biblia, pamoja na wazee wawili. Walikuja kuomba na wafiwa. Alipoona marehemu wanakunywa chai alikasirika, akaniambia nimeifanyia mzaha mauti. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyefunga ukumbi usio na shughuli. Hapo ndipo akasema, mbele ya watu wote, "Usinilaumu mimi. Senje yako mwenyewe ndiye aliyeniandikia nikunyime." Nafikiri alijuta papo hapo. Nilipomwuliza kwa nini, alisema sababu nikuulize wewe, na akaondoka bila kuomba.

Ni kweli?

Usijibu kwa methali. Ulinilea. Ulinifundisha kwamba mtu akitaka kukupinga akupinge usoni. Celine alinikataa usoni. Wewe uliniambia nimwone Nahashon, ni mtu wa haki, huku umeshamwandikia. Nimeumia, Senje, na kuumia kwangu ni kukubwa kuliko furaha yote niliyokuambia hapo juu.

Picha yako ilikuwa peke yake jana. Kila uso ulikuwa na mtu kando yake isipokuwa wako. Watu waliokufahamu walinijia mmoja baada ya mwingine wakaniuliza kama umekufa. Nikasema yuko hai, yuko Chavakali. Wakaniuliza basi mbona hayupo. Mtu mmoja aliacha ua mbele yake. Nililitupa.

Wanawake wamesema Jumapili zijazo tutakuwa pale pale penye bomba, na kuna watu wa Kayole wanaotaka kupigwa zao. Kwa hiyo pahali nimepata, wapende wasipende. Na picha yako sitaiondoa. Ulikataa kunipa sababu, mimi nimekataa kuiondoa.

Muhonja

* * *

Chavakali
Jumatatu, 24 Machi 2025

Muhonja,

Ni kweli. Nilimwandikia siku ile ile niliyokuandikia wewe, kwa kalamu ile ile.

Umesema nisijibu kwa methali, basi nitakujibu kavu. Nina uvimbe kwenye titi. Nimejua tangu kabla ya Krismasi. Daktari amesema nije huko nipasuliwe, na barua yake iko chini ya godoro. Sikuja kwa sababu ya woga, na sikukuambia kwa sababu ungeuza kamera. Halafu ukaniandikia kwamba utaweka uso wangu katikati, mkubwa, ndani ya fremu, nami nikaona kama umesikia habari zangu kutoka kwa wafu na umeshaanza matayarisho. Hiyo ndiyo sababu. Ni ya kijinga, na ilikuwa inanikosesha pumzi.

Nahashon tutazungumza. Nilimwambia ayaweke kifuani, na kifua chake kina mlango wa nyuma.

Barua yako nimeisoma kwanza hadi pale Anyango anaposema "Hapo unadanganya, rudi nyuma." Nilicheka mpaka mke wa jirani akaja kuangalia kuna nini. Nikamsomea, naye akacheka. Kisha nikaendelea peke yangu nikafika pale penye picha yangu isiyo na mtu kando yake. Nimelia, Muhonja. Sikulia kwa ajili ya ugonjwa. Nililia kwa sababu Anyango amekaa mbele ya mtaa mzima akawaambia yuko hai, na mimi niko hapa nimejificha na mahindi.

Nimekukosea nyuma ya mgongo wako. Ulipaswa kuyasikia kutoka kwangu. Hilo nakubali, na hutanisikia nikilikubali mara ya pili, kwa hiyo itunze barua hii.

Sasa maagizo. Nakuja na basi la Ijumaa usiku, nitafika Jumamosi asubuhi. Safisha nyumba. Daktari nitamwona Jumatatu, na utanipeleka wewe. Ukithubutu kuuza kamera, hata lenzi moja, narudi Chavakali siku hiyo hiyo na uvimbe wangu. Shamba dogo la mtoni nimelikodisha, gharama zina pa kuanzia.

Jumapili nitaketi kando ya picha yangu. Usije ukaiondoa pale katikati. Weka kiti chenye mgongo. Sukari watakayoleta ipikwe, lakini nikiona ua mtu atanieleza alikuwa akimletea nani. Huyo Celine akija tena nitamwambia mwenyewe natoka Eastlands ipi. Bei usiitaje, niachie mimi.

Na watu wakianza kusema juu yangu, Nahashon ndiye atakayetangulia. Amenifahamu miaka mingi na ana mengi ya kunisema. Asimame ayaseme nikimtazama, mazuri na mabaya, na akidanganya kama wanavyodanganya makaburini, nitamrudisha mwanzo hadi aseme kweli.

Senje yako,
Khavere